Tarikhi ya Bwawa la Samaki katika Milima ya Nyamitaba

Nyamitaba, katika sheferi ya Bashali, wilaya ya Masisi, ni nchi ya milima mirefu ya kijani na mabonde membamba yenye vijito visivyokauka upesi. Na msafiri apitaye huko aghalabu huvutwa na ng'ombe walao juu ya miteremko, asiangalie chini mabondeni, ambako katika sehemu nyingi za Masisi na Walikale wakulima wamechimba mabwawa madogo ya samaki, mengine yenye kingo zilizofyekwa vizuri, mengine yaliyomezwa na matete, na mengine ambayo hayakubaki ila alama ya shimo. Tarikhi ya nchi hii imekwisha andikwa sana kwa upande wa ardhi, uhamiaji na vita. Upande wa mabwawa haukupata waandishi wengi, nami naona ni hasara, kwa kuwa bwawa la samaki huhifadhi katika tope lake athari ya kila zama zilizopita juu yake, na zama zetu zinatia humo kitu ambacho zama za kwanza hazikukijua, yaani chembe za plastiki, ndogo kiasi cha kumezwa na samaki bila ya mfugaji kuziona.

Rai yangu, ambayo nitajaribu kuithibitisha kwa kufuata mambo yalivyotukia, ni kwamba plastiki haikuletwa katika mabonde haya na uzembe wa mkulima wala kwa kutojali kwake, maana ililetwa hatua kwa hatua na haja za kweli: haja ya chombo chepesi cha kuchotea maji, haja ya wavu usiooza, na zaidi ya zote haja ya paa la usiku mmoja kwa watu waliokimbia risasi. Iliyoingia kwa mlango wa dhiki na wa msaada haiwezi kutolewa kwa kumlaumu aliyesaidiwa.

Kabla ya mabwawa, samaki katika milima ya Masisi alikuwa chakula cha nadra. Wahunde, wenyeji wa kale wa milima hii, waliishi kwa kilimo na uwindaji, na samaki walipatikana katika maziwa madogo ya Mokoto na katika mito ishukayo kuelekea magharibi, kama Oso, ambao huungana na Lowa na hatimaye maji yake hufika Lualaba. Chini zaidi, katika misitu ya Walikale, uvuvi ulikuwa kazi kubwa ya wanawake wakati wa kiangazi: waliziba kijito kwa matope, magogo na majani, wakayachota maji kwa vikapu mpaka samaki wakabaki wakigaagaa topeni, kisha wakaubomoa ukuta na kijito kikaendelea na safari yake. Ziwa Kivu lenyewe, ingawa ni kubwa na la kuvutia macho, lilikuwa maskini wa samaki kuliko maziwa jirani; sambaza, anayeuzwa leo kwa mafungu katika kila soko la Goma, si mwenyeji wa ziwa hilo, kwani aliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959. Samaki mkavu na wa moshi alitoka Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward, akapandishwa milimani na wachuuzi, akauzwa kwa bei ambayo si kila jiko liliiweza.

Hali hiyo ilibadilika kwa sababu idadi ya watu ilibadilika. Mwaka 1928 serikali ya Wabelgiji iliunda Comité National du Kivu, shirika lililopewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ya Kivu ili kuigawia walowezi wa kahawa, chai, pareto na ng'ombe. Na kuanzia mwaka 1937 mpaka 1955 ikaendesha mpango wa kuwahamisha watu kutoka Rwanda, maelfu kwa maelfu, kuwaleta katika milima ya Masisi, kuanzia Gishari, kwa ajili ya kupunguza msongamano wa kule na kupata wafanyakazi wa mashamba ya huku. Taathira ya mambo hayo katika ardhi na katika uhusiano wa watu ni habari ndefu ambayo wengi wameieleza. Kwa ajili ya tarikhi yetu yatosha kusema kwamba mabonde yaliyokuwa yakilisha watu wachache yaliamriwa kulisha wengi, na nyama ya mwitu ikapungua kadiri msitu ulivyorudi nyuma. Waganga na wataalamu wa lishe wakaanza kuandika habari za watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi, dalili za kwashakoo. Na kituo cha utafiti cha IRSAC, kilichoanzishwa mwaka 1947 na ambacho makao yake ya Kivu yalijengwa Lwiro, kilifanya maradhi hayo kuwa mojawapo ya masomo yake makubwa.

Ndipo bwawa lilipokuja kama dawa. Mwaka 1946 mtaalamu wa Kibelgiji Marcel Huet alipelekwa Katanga kutazama uwezekano wa kufuga samaki, na baadaye Kipopo, karibu na Élisabethville, pakawa mahali pa majaribio. Mwaka 1949, katika mji huohuo, Wabelgiji na Waingereza walikutana katika mkutano juu ya ufugaji wa samaki, wakabadilishana yale waliyojifunza katika makoloni yao. Zama hizo zilikuwa zama za mabwawa katika Afrika Mashariki yote: Uganda walikuwa na Kajjansi tangu 1947, Kenya walikuwa na Sagana tangu 1948, na Tanganyika walianza majaribio ya perege huko Korogwe mwaka 1949. Katika Kongo kazi hiyo ilienda kwa kasi iliyozidi ya majirani wote. Mwishoni mwa utawala wa Wabelgiji, mwaka 1959, nchi ilihesabiwa kuwa na mabwawa zaidi ya 120,000 yaliyochukua eneo la hektari zipatazo 4,000, maana yake ni kwamba bwawa la wastani lilikuwa na mita za mraba mia tatu na kitu, eneo la kutosha jamaa moja. Mtu mwenye insafu hana budi kuongeza kwamba katika nchi iliyokuwa na mazao ya lazima na kazi za lazima, ushauri wa ofisa wa kilimo na amri yake havikuwa rahisi kutenganishwa, na mtu aliyechimba bwawa kwa kuogopa faini hakulipenda kama alipendavyo shamba lake.

Nataka nikae kidogo juu ya namna bwawa la zama hizo lilivyojengwa, kwa kuwa katika ujenzi huo mna elimu ambayo sasa tunaihitaji upya. Mahali palichaguliwa kwa udongo wake: fundi alichukua udongo wa chini, akaulowesha, akaufinyanga kuwa donge, akalirusha juu na kulidaka, na donge lisilomeguka ndilo lililoonyesha kwamba ufinyanzi umetosha kuzuia maji. Majani na mizizi ya mahali pa ukingo viling'olewa vyote, kwa sababu mzizi ukioza ndani ya ukuta huacha tundu na tundu huwa njia ya maji. Kisha udongo ulipangwa tabaka kwa tabaka, ukashindiliwa kwa magogo na kwa miguu ya watu, mpaka ukingo ukawa mzito na mnene kuanzia chini. Maji yaliletwa kwa mfereji kutoka kijitoni, yakapita katika mwanzi uliotobolewa mafundo yake, na mdomoni pa mwanzi pakawekwa kichujio cha vijiti vilivyosukwa ili samaki wa mwitu wasiingie. Mwanzi mwingine ulitoa maji yaliyozidi.

Kandokando ya maji, ndani ya bwawa lenyewe, palijengwa zizi dogo la miti, mkatiwa samadi ya ng'ombe na ya mbuzi, magugu ya shambani, maganda ya ndizi na machicha ya pombe, vitu hivyo vikaoza polepole na kuyafanya maji kuwa ya kijani. Kijani hicho ni mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho, nayo ndiyo malisho. Perege hula bwawani mithili ya ng'ombe katika miteremko ya Masisi, akitembea siku kucha na kuchukua kilichopo mbele yake. Mfugaji hakuhitaji kipimo cha kununua: alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na asipokiona kiganja chake alijua kwamba malisho yametosha. Jamii mbili za samaki ndizo zilizopendwa wakati ule, Tilapia macrochir, alaye mimea hiyo midogo, na Tilapia melanopleura, ambaye siku hizi huitwa rendalli, alaye majani ya mihogo, ya magimbi na ya viazi vitamu. Vifaranga vilichukuliwa bonde kwa bonde katika vyungu vilivyofunikwa kwa majani mabichi ili maji yasipate joto. Baada ya miezi kadhaa bwawa lilifunguliwa, samaki wakaokotwa kwa vikapu, na tope jeusi la chini likapelekwa shambani, ambako maharage yalilishukuru.

Katika maelezo hayo hakuna kitu hata kimoja kisichooza au kisichorudi udongoni. Mwanzi ukichakaa ulikatwa mwingine; kikapu kilichopasuka kilitupwa zizini kikawa samadi; chungu kilichovunjika kilikuwa udongo hata kabla hakijavunjika. Bwawa hilo lilikuwa na kasoro zake, na kubwa ni baridi, kwani perege hukua vizuri penye maji ya nyuzi 25 mpaka 30, hali milima ya Masisi hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na vilele vyake vingi hupita 2,000, na maji yanapokuwa chini ya nyuzi 20 samaki huyo hudumaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rwanda katika kituo cha Rwasave, karibu na Butare, walilishughulikia swali hili la samaki wa nyanda za juu katika miaka ya 1980. Lakini bwawa hilo, hata lilipotoa samaki wadogo, halikutoa sumu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, na nyuma yake machafuko, mabwawa mengi ya Kongo yaliachwa. Maofisa waliondoka, vituo vya kuzalisha vifaranga vikakauka, na waliochimba kwa amri wakaona kwamba amri imekwisha. Katika miaka ya 1970 na 1980, nchi ikiitwa Zaire, kazi ikafufuliwa sehemu kadhaa kwa msaada wa makanisa na wa wageni wa kujitolea, na safari hii wengi walichimba kwa hiari yao. Samaki naye alibadilika: mahali pa jamii zile mbili akaingia Oreochromis niloticus, ambaye ni mwenyeji wa Ziwa Kivu na Ziwa Edward, mwenye kukua upesi kuliko wenzake.

Katika miongo hiyohiyo plastiki nayo ilikuwa njiani. Kitu hiki ni kichanga kuliko watu wengi wanavyodhani. Plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote na mwanadamu, bila ya kutegemea mmea wala mnyama, ilibuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent katika Ubelgiji aliyehamia Marekani. Polithini ilitokea kwa bahati katika maabara ya Uingereza mwaka 1933. Nailoni ikafuata mwaka 1935, na polipropini, ambayo ndiyo ya magunia meupe ya unga na ya mbolea, ikapatikana katika miaka ya 1950. Maana yake ni kwamba mzee aliyechimba bwawa Masisi mwaka 1950 alikuwa na umri uliozidi ule wa polithini, na mwanawe ndiye aliyekiona kijiji kikijaa vitu vyake.

Vilikuja kwa wema wao. Bidoni la plastiki, ambalo lililetwa na mafuta ya kula na kubaki baada ya mafuta kwisha, lilimpunguzia mwanamke mzigo wa chungu mlimani, na mtu ambaye hajabeba maji katika mteremko wa Masisi asimlaumu aliyekiacha chungu. Wavu wa nailoni ulikaa miaka ambapo wa nyuzi za mimea ulioza kwa misimu. Bomba la plastiki lilichukua nafasi ya mwanzi katika ukingo, na gunia la polipropini likachukua nafasi ya kikapu. Vifaranga vilianza kusafirishwa katika mifuko myembamba iliyotiwa maji na hewa ya oksijeni, njia iliyookoa samaki wengi waliokuwa wakifa safarini. Sokoni, chumvi, sukari, mafuta na sabuni vikaanza kupimwa katika sashe ndogo za senti chache, kwa kuwa maskini hununua kidogokidogo, na kwa hiyo maskini ndiye aliyepewa vifungashio vingi kuliko mtu yeyote mwingine.

Hata hivyo haya yote ni madogo yakilinganishwa na yaliyoletwa na vita. Mwezi Machi 1993, katika soko la Ntoto, Walikale, yalianza mauaji yaliyopanda mpaka Masisi yote, na watu wakaanza kulala mbali na nyumba zao. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma katika siku chache, na juu ya mawe ya volkano ya Mugunga, Kibumba na Katale ikasimama miji mizima ya turubai. Tarehe 12 Mei 1996 watu wengi miongoni mwa waliokuwa wamejificha katika monasteri ya Mokoto, nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1954, waliuawa humo, na watawa wakahama. Mwaka 2013 mji wa Kitchanga uliungua kwa mapigano. Januari 2023 mapigano yakaufika tena, na nyimbo za msafara zikawa zilezile: kuelekea Sake, kuelekea Goma, na godoro kichwani. Mtu aliyezaliwa katika sheferi ya Bashali mwaka 1990 ameweza kukimbia mara nyingi kabla ya kuwa na mjukuu, na karibu kila mara alipofika mahali pa kukimbilia kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa kipande cha turubai la plastiki, ambalo watu wa huku huliita shitingi.

Shitingi ni kitambaa cha nyuzi bapa za polithini zilizofumwa na kupakwa polithini pande zote mbili, na mojawapo ya vipimo vyake vya kawaida ni mita nne kwa tano. Limeokoa maisha ya watu wengi, nami nalitaja kwa heshima. Lakini halikufanywa lidumu. Jua la nyanda za juu ni kali kwa plastiki kuliko la bondeni, na miale yake huikatakata minyororo ya polithini mpaka kitambaa kikapoteza unyumbufu. Rangi hupauka, kingo huchanika, na nyuzi zile bapa huanza kuchomoka moja moja. Hapo shitingi huingia katika maisha yake ya pili, maana maskini hatupi kitu: huwa ua wa choo, huwa mkeka wa kuanikia maharage, huwa tandiko la kuziba bwawa linalovuja. Katika maisha ya tatu huchanwa vipande vya kufungia kuni na vigingi. Katika ya nne haliitwi tena kwa jina, kwa kuwa limekuwa nyuzi na unga, na mvua ya Masisi, ambayo hunyesha kwa nguvu juu ya miteremko iliyokwisha nyang'anywa miti, huzichukua nyuzi hizo mpaka penye maji yaliyotulia. Mapema mwaka 2025, Goma ilipokwisha badili mikono, kambi zilizouzunguka mji huo zilivunjwa katika muda mfupi, na watu wakaambiwa warudi makwao. Waliorudi Masisi walibeba walichokuwa nacho, na shitingi lilikuwa sehemu ya mali yao.

Elimu ya chembe hizi nayo ni changa. Mwaka 2004 Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, pamoja na wenzake, walichapisha habari za vipande vidogo vya plastiki katika mchanga na maji ya bahari, na baadaye kila kipande kisichozidi milimita tano kikahesabiwa katika kundi hili la chembe. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya utafiti ilikaa baharini. Katika maziwa makuu ya Afrika ushahidi wa kwanza ulitoka Mwanza, kando ya Ziwa Nyanza, yaani Viktoria: Florence Biginagwa na wenzake, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walinunua sangara na sato katika soko la bandari, ishirini wa kila jamii, wakachunguza matumbo yao, na katika taarifa waliyoichapisha mwaka 2016 wakathibitisha plastiki katika mmoja kwa kila samaki watano, kwa jamii zote mbili. Miongoni mwa walichokipata ilikuwamo polithini, nasaba ileile ya sashe na shitingi.

Ziwa Nyanza ni bahari ya maji matamu. Bwawa la Masisi ni karai. Tofauti hiyo, badala ya kututuliza, inafaa itushughulishe, kwa sababu bwawa limejengwa kwa makusudi ya kuzuia: maji huingia na mizigo yake, mengi hupotea kwa mvuke na kwa kunyonywa na ardhi, na mizigo hubaki. Chembe nyepesi huelea kwanza, kisha ute wa mimea na vijidudu huzikalia, zikawa nzito, zikashuka topeni, mahali hasa anapolisha samaki. Perege na jamaa zake hawachagui sana. Huchuja maji na kukomba ukoko wa juu ya tope, na kile kilichomo humo huingia nao. Zizi la samadi ndani ya bwawa, ambalo zamani lilitiwa magugu na maganda tu, leo hutiwa taka za jikoni na za sokoni zenye sashe ndani yake. Na tope lile jeusi, lililokuwa hazina ya maharage, huchukua chembe kuzipeleka shambani, mvua ikazirudisha mferejini.

Njia nyingine ni chakula cha kununua. Unga wa samaki, ambao hutiwa katika vyakula vya viwandani kwa ajili ya kumkuza samaki upesi, umechunguzwa katika nchi mbalimbali na kukutwa na chembe za plastiki, jambo lisilo la ajabu, maana husagwa kutokana na samaki wadogo wazima pamoja na matumbo yao. Mfugaji ambaye ameacha pumba na majani ya magimbi akanunua vyakula hivyo, katika gunia la polipropini linalomomonyoka juani, amejiongezea milango miwili kwa mara moja. Nasema haya bila ya kudharau maendeleo; anayetaka samaki wakubwa katika maji baridi ana sababu ya kutafuta chakula chenye nguvu.

Je, chembe hizi humdhuru mlaji? Hapa yapasa kusema kwa kiasi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu juu ya chembe hizi katika uvuvi na ufugaji wa samaki mwaka 2017, na Shirika la Afya Duniani likaandika juu ya maji ya kunywa mwaka 2019 na juu ya chakula na hewa mwaka 2022; mashirika yote mawili yaliona kwamba ushahidi uliokuwapo haukutosha kutoa hukumu ya madhara makubwa kwa afya ya watu, na yakataka utafiti uendelee. Chembe kubwa zaidi hukaa tumboni mwa samaki na hutoka pamoja na matumbo anapopasuliwa, kwa hiyo perege aliyesafishwa vizuri ni salama kuliko sambaza aliyeliwa mzima. Hofu ya wataalamu ni juu ya zile ndogo mno, ziwezazo kupenya ukuta wa utumbo, na juu ya dawa zilizotiwa katika plastiki kuifanya laini, ngumu au ya rangi. Mtu asije akamnyima mtoto wake samaki kwa sababu ya makala haya. Utapiamlo katika Masisi ni adui aliyekwisha onekana kwa macho, na samaki wa bondeni bado ni katika vyakula bora awezavyo kupata mtoto wa huko.

Sheria hazikukosekana. Rwanda, jirani wa karibu, ilipiga marufuku mifuko ya polithini mwaka 2008, na Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006; Kenya ikafuata Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. Kongo nayo ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017, ikakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Tofauti ya amri hizo huonekana mpakani Goma, ambako upande mmoja hupekuliwa na upande wa pili sashe zauzwa kwa mafungu. Na Bukavu, taka za plastiki zichukuliwazo na ziwa zimefika kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi, hata mji ukakosa taa. Amri bila ya kifungashio mbadala, na bila ya mtu wa kuisimamia, haikufika milimani. Wala hakuna kifungu cha sheria nikijuacho ambacho kimemwajibisha aletaye maturubai kwa maelfu kuyahesabu yanapochakaa na kuyaondoa, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote.

Kwa hiyo nawaambia wanaogawa misaada Kivu: mnapoandika hesabu ya mashitingi mliyogawa, andikeni pia hesabu ya yale mtakayoyakusanya yakiisha kuchakaa, na bei ya lori la kuyarudisha iwemo katika bajeti tangu siku ya kwanza. Wafugaji nawaomba warudie mambo manne ambayo wazee wao waliyajua: uvujaji uzibwe kwa ufinyanzi uliopondwa badala ya gunia au turubai kuukuu, zizi la samadi litiwe majani na mbolea ya wanyama, na taka za sokoni zichambuliwe kabla ya kutiwa humo, mfereji uchimbiwe kishimo cha kutulizia maji na kuwekewa kichujio kabla ya kuingia bwawani, kisha kishimo hicho kisafishwe, na kila samaki atolewe matumbo mbali na maji. Na wasomi wa Chuo Kikuu cha Goma nawaomba, mara amani itakaporuhusu njia, wapande mpaka mabonde ya Nyamitaba, wachukue tope na samaki wa mabwawa ya huko, wawapime kama wenzao walivyopima Mwanza, na matokeo wayasome kwa Kiswahili mbele ya wenye mabwawa wenyewe.